Kwa nini kotonii inakufa kwenye maji ya goti

Kabla ya viwanda kuenea duniani, hewa ilikuwa na kaboni dayoksaidi sehemu 280 hivi katika kila milioni. Sasa zimepita 420. Gesi hiyo huzuia joto la ardhi lisipotelee angani, na zaidi ya asilimia 90 ya joto linalobaki humezwa na bahari. Mkulima wa mwani wa Unguja analipata hilo shambani mwake.

Kotonii, mwani wenye bei nzuri kuliko spinosamu, aina nyingine inayolimwa, hustawi maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi. Joto likizidi hapo kwa siku kadhaa mfululizo, mmea unadhoofika. Mashamba yetu mengi ya vijiti na kamba yako kwenye kina kifupi, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, jua likiwa kali. Maji machache yaliyotuama juu ya mchanga hupata moto upesi. Ndiyo maana nyongeza ya nyuzi moja kwenye wastani wa bahari si jambo dogo: kotonii ilikuwa tayari inaishi karibu na mwisho wa uwezo wake.

Ukague shina kwa karibu. Ugonjwa uitwao aisi-aisi huanza kwa pete nyeupe katikati ya tawi, huku ncha bado ina rangi yake. Sehemu hiyo hulainika, bakteria huimaliza, tawi linakatika na mawimbi yanalichukua. Mvua kubwa za masika nazo huleta weupe huohuo, kwa kupunguza chumvi.

Ukiona pete, usisubiri wiki sita za kawaida. Vuna kamba nzima, kata mbegu za gramu 100 hivi kutoka ncha changa zisizo na doa, na mabaki yote yapeleke nchi kavu. Ukiyaacha yaelee, yataishia kwenye kamba za jirani. Funga upya kwa nafasi ya sentimita 20 mahali penye mkondo. Kubadilisha mbegu bila kubadilisha mahali ni kazi bure, maana chanzo ni maji.

Dawa ya kweli ni kina. Maji ya mita 2 na kuendelea hayachemki ovyo, na neti za mrija, yaani neti ndefu kama bomba ambazo mwani hukua ndani yake na ambazo mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya amezifanyia kazi sana Zanzibar, huzuia matawi yasipotee yakikatika. Lakini neti zinahitaji boti, nanga na maboya, na wakulima wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea. Mradi unaonunua neti bila kuweka fungu la mafunzo ya kuogelea na majaketi ya kuokolea unawahatarisha watu, na mimi siungi mkono mradi wa namna hiyo.