Je, wajua kwa nini ukila na watu unakula zaidi hata kama ulishashiba?

Desemba iliyopita nilikuwa Kibosho kwa bibi, asubuhi moja nikapewa kazi ya kulisha kuku. Nikawamwagia mahindi ya kuparaza pale chini ya mibuni, wakala mpaka wakaacha wenyewe, wengine wakaenda kujigaragaza kwenye vumbi, na mahindi bado yamebaki. Baadae kidogo akatoka tetea mmoja aliyekuwa anaatamia mayai kwenye kona ya jiko, na kama umefuga unajua tetea wa hivo huwa anatoka mara moja tu kwa siku, anakula haraka haraka anarudi. Basi akafika na njaa yake, anadonoa bila hata kunyanyua kichwa, na wale walioshiba wakaanza kurudi mmoja mmoja wakala tena. Mahindi yale yale waliyoyaacha!

Nikamwambia bibi, akasema "kuku ndo walivyo mjukuu wangu". Mi sikutosheka, nikaanza kusoma, na kumbe hiki kitu kimefanyiwa utafiti toka zamani sana.

Mwaka 1929 Mjerumani mmoja anaitwa Bayer alimpa kuku nafaka mpaka akaacha kula mwenyewe, afu akamwingizia mwenzake mwenye njaa, na yule aliyeshiba akaanza kula upya. Akiingiza wenye njaa watatu, aliyeshiba anakula zaidi tena. Miaka mitatu baadae, 1932, Harry Harlow kule Marekani akaonesha panya weupe wa maabara nao wanakula zaidi wakiwa pamoja kuliko kila mmoja peke yake. Yani tumbo ni lile lile, chakula ni kile kile, kilichobadilika ni nani yuko pembeni.

Sasa sisi binadamu je? Hapa kuna mtu anaitwa John de Castro, huyu alifanya kitu rahisi ila kwangu mimi ni cha maana sana. Hakuwafungia watu maabara, aliwapa vidaftari wakaishi maisha yao ya kawaida kwa siku saba, kila wakila waandike wamekula nini, kiasi gani, saa ngapi na walikuwa na nani. Matokeo yake ya mwaka 1992 yanaonesha mlo wa mtu aliyekula na mwenzake mmoja ulikuwa mkubwa kwa asilimia 33 kuliko wa aliyekula peke yake, na wakiwepo wenzake saba au zaidi mlo unakaribia mara mbili kabisa. Utasema labda ni kwa sababu watu wakikutana ni wikiendi, au wako hotelini, au kuna pombe, lakini akitenganisha hivo vyote, wawe nyumbani au nje, na bia au bila bia, bado kitu kinabaki pale pale.

Na sababu mojawapo ni ya kawaida mno, ni muda. Mkiwa wengi mnakaa mezani muda mrefu. Mi Arusha naishi mwenyewe, mchana nakula wali maharage kwa mama ntilie pale Sakina, dakika kumi nimemaliza nimeondoka. Nikiwa Kibosho mtori unaletwa kwenye sufuria kubwa, baba mdogo anasimulia habari za kihamba, yani shamba la ukoo, shangazi anauliza mbona huongezi, watoto wanapita na ndizi, saa nzima inaisha na bakuli liko mbele yako, mkono unarudi tu kwenye kijiko hata hujaamua.

Huo mkono nao umechunguzwa! Watafiti wa Uholanzi mwaka 2012 waliwarekodi wasichana wawili wawili wakila, jozi 70, wakahesabu kila tonge, wakakuta msichana ana uwezekano mkubwa wa kupeleka chakula mdomoni ndani ya sekunde 5 baada ya mwenzake kupeleka chake, hasa mwanzoni mwa mlo. Siku ukikaa kwenye nyama choma na wenzako angalia tu, mmoja akichukua kipande kwenye sinia mikono mingine inafuata.

Hii haimaanishi tumbo halina kazi. Tumbo likitanuka mishipa ya fahamu inapeleka taarifa kwenye ubongo, na utumbo unatoa homoni za kusema imetosha. Ila ubongo haupokei taarifa ya tumbo peke yake, macho nayo yanaleta ya kwao, na yakileta kwamba wenzako bado wanakula, ile imetosha inasogezwa mbele.

Lakini sio kila mtu ukila nae unaongeza. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walikusanya tafiti 42 wakakuta watu wanaongeza wakila na marafiki na ndugu, wakiwa na wasiowajua hiyo nguvu karibu inapotea. Hapo nikamkumbuka kaka yangu siku amepelekwa kwa wakwe mara ya kwanza Marangu, sahani imejaa machalari na yeye anagusa kwa ncha ya kijiko, afu usiku nyumbani akamaliza chungu kizima.

Hao hao wa Birmingham wanadhani tumerithi hii kutoka enzi za kuwinda na kuokota, chakula kinaliwa kwa pamoja na kesho haijulikani, kwa hiyo wenzako wakila na wewe kula. Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali kuona maisha ya hivo, Wahadzabe wako kule Ziwa Eyasi upande wa Karatu, na mnyama mkubwa akiletwa kambini nyama inagawanywa kwa watu wa kambi.

Na kwa kuku inaanza mapema kweli. Kifaranga cha siku moja ambacho hakina mama kinaweza kusimama juu ya chakula bila kula, ila ukigonga gonga kidole kwenye chakula kama mdomo wa mama yake kinakuja na kuanza kudonoa pale pale ulipogonga. Bibi anafanya hivo kila siku, na nilipomuuliza nani alimfundisha akaniambia mama yake.