Kabla hujahama kiti kwenye Apache

Wanaoanza kurusha AH-64D, yaani Apache, kwenye DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuigiza urushaji wa ndege za kivita, huniuliza swali moja kuliko yote: mbona nikirudi kiti cha rubani helikopta inaruka juu au inaporomoka? Kitufe cha 1 kinakupeleka nyuma kwa rubani, cha 2 kinakupeleka mbele kwa mpiga mizinga, basi mtu hudhani kazi inaishia kwenye kibodi. Shida iko mezani, kwenye mkono wako wa kushoto.

Ukihamia mbele, George, yaani rubani wa kompyuta, anashika usukani. Anapandisha na kushusha helikopta kwa wenzo wa nguvu wa ndani ya simuleta. Ule wako wa mezani, unaoushika kwa mkono wa kushoto, hausogei. Tuseme umeuacha juu ukiwa mwendo kasi, kisha George akapunguza mwendo na kushuka hadi usawa wa miti. Ukibonyeza 1, simuleta inasoma mkono wako upya na kukuta nguvu ya dakika tano zilizopita. Helikopta inapaa ghafla. Na kwa kuwa kila badiliko la nguvu kwenye rota kuu linadai ukanyage pedali za kuzuia pua isizunguke, pua nayo inazunguka kabla hujajua unatazama wapi.

Mimi huhama hivi. Nikiwa bado nyuma, naiweka helikopta sawa: mwendo wa noti 80 (maili za baharini kwa saa), haijalala upande, haipandi wala haishuki. Nabonyeza kitufe cha trimu ili usukani ubaki pale ulipo. Kisha nasoma toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha rota, kwenye ukurasa wa injini wa skrini, tuseme asilimia 60, na hiyo ndiyo namba ya kukariri. Wenzo wangu siugusi tena.

Wakati wa kurudi, kabla ya kubonyeza chochote, namwamuru George arudie mwendo na kimo kile kile, anyooshe njia. Mpiga mizinga ana skrini zake mbili, kwa hiyo naufungua ukurasa wa injini hapo mbele na kusubiri toki irudi karibu na 60. Ikifika, wenzo wa George na wangu viko karibu mahali pamoja. Hapo nahama, na helikopta haitikisiki. Jostiki ya springi iachie irudi katikati yenyewe. Ukiikamata huku umeilaza upande, utavuruga trimu yote uliyoiweka.

Kombora la Hellfire la leza likiwa hewani, usihame. Leza lazima ikae juu ya shabaha mpaka kombora ligonge, na anayeishika ni wewe uliye mbele.

Jambo jingine linalowaangusha wengi: kila kiti kina orodha yake ya vitufe. Ukipanga vya rubani peke yake, utafika mbele ukute vidole havina kazi.

Mi-24P, helikopta ya kivita ya Kirusi, ni habari tofauti. Mzinga wake wa milimita 30 umefungwa ubavuni na rubani ndiye anayeufyatua, kwa hiyo cha kufuata kiti cha mbele ni kuongoza makombora ya Shturm. Kwa maoni yangu, mwachie Petrovich, msaidizi wa kompyuta wa helikopta hiyo, wewe baki nyuma umshikie helikopta itulie. Kwenye Huey, helikopta ya Kimarekani ya kubeba askari, kinyume chake, bunduki za mlangoni unaweza kuzishika mwenyewe, na kabla ya kwenda mlangoni unaiwekea helikopta mzunguko wa kuelekea upande wa bunduki yako.

Ukiruka na mwenzako wa kweli, semeni kwa sauti kama marubani wanavyofanya: "Usukani wako." "Usukani wangu." "Usukani wako." Mara tatu, na mkono hauachii mpaka jibu la katikati lisikike. Mimi na mwenzangu tulijizoesha hilo kwa kupokezana kila dakika mbili juu ya uwanja mtupu, bila risasi hata moja, jioni tatu mfululizo.