Pathosi si kuliza watu

"Mwalimu, niweke kisa gani cha kusikitisha ili wasikilizaji waguswe?" Swali hili halikosekani penye mafunzo ya hotuba, na nyuma yake kuna dhana moja sugu: kwamba pathosi, yaani kushawishi kwa kugusa hisia, kama alivyoieleza Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ni machozi ya kunyunyizia hoja ikishapikwa.

Siyo. Katika kitabu chake cha balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, sehemu ya pili, sura ya 2 hadi ya 11, Aristotle anachambua hisia mojamoja: hasira, woga, aibu, huruma, husuda na nyinginezo. Kwake hisia hutokana na jambo ambalo msikilizaji ameliamini. Hasira ni hamu ya kulipiza, yenye uchungu ndani yake, kwa sababu mtu amedharauliwa, yeye au wa kwake, bila kustahili. Basi mzungumzaji lazima ajue mambo matatu: watu hukasirika wakiwa katika hali gani, humkasirikia nani, na kwa lipi. Likipungua moja, hasira haiwaki.

Ndiyo maana "inauma sana, ndugu zangu" haimuumi mtu. "Maji yamekatika wiki mbili" ni kero tu. "Meneja alijua tangu mwezi jana, akaona hamstahili hata tangazo" ina mhusika, ina dharau, na waliodharauliwa ndio waliokaa mbele yako. Lakini liwe kweli, tena liwe ndilo suala lenyewe. Aristotle huyohuyo anasema kumtia hakimu hasira au huruma kwa mambo yaliyo nje ya shauri ni sawa na kuipinda rula kabla ya kupimia.

Huruma nayo ina masharti. Balaa limpate asiyestahili, na msikilizaji aone kuwa linaweza kumfika yeye au watu wake, tena karibuni. Woga vilevile: kila mtu anajua atakufa, lakini hajali kwa kuwa haoni kifo kikikaribia. Kwa hiyo acha kuongeza vivumishi, onyesha ukaribu.

Dhana nyingine inahusu ethosi, yaani kushawishi kwa kuaminika kwa mzungumzaji: "Ethosi ni wasifu wako." Hapana. Aristotle anataka imani izaliwe na hotuba yenyewe, si sifa ulizokuja nazo. Yanayotakiwa kuonekana ni busara, uadilifu na nia njema kwa wasikilizaji. Dakika tatu za kutaja vyeo hazionyeshi hata moja. Taja gharama ya pendekezo lako kabla hujaulizwa. Hiyo inafanya kazi kuliko shahada mbili.

Na ya mwisho, kuhusu mahakama za Ugiriki ya kale: "Athens, mawakili waliwasemea watu." Hapana. Kwa kawaida mlalamikaji na mshtakiwa walisimama wenyewe. Mwenye fedha alinunua hotuba kwa mwandishi kama Lysias, kisha akaikariri. Muda ulipimwa kwa mtungi wa maji wenye tundu chini. Mmoja uliofukuliwa kwenye Agora, uwanja wa soko wa Athens, huchukua kama lita 6.4 na huisha kwa takriban dakika 6. Wenye utangulizi wa dakika tano wapige hesabu wenyewe.