Si kila maporomoko ya maji yana mwamba laini chini

Maporomoko ya maji ni mahali ambapo mto unadondoka ghafla kutoka mwamba wa juu. Shuleni tulifundishwa chanzo kimoja: mwamba mgumu umelala juu ya mwamba laini, maji yanaula ule laini, mgumu unabaki ukining'inia bila egemeo, kisha unavunjika. Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, ndivyo yalivyo hasa, na kwa takriban miaka 12,000 yamerudi nyuma kama kilomita 11.

Kinachonikera ni maelezo hayohayo kubandikwa Mosi-oa-Tunya (Maporomoko ya Victoria), kwenye mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Nimeyasikia mara nyingi mno, hata kwa watu wanaofundisha.

Pale hakuna tabaka laini lililojificha chini. Genge lote ni basalti, lava iliyoganda takriban miaka milioni 180 iliyopita. Udhaifu wake uko kwenye nyufa ndefu zilizosimama wima, ambazo nyingi zinaukata mto kutoka mashariki kwenda magharibi, na ndani yake mna mawe yaliyosagika na udongo. Maji yanauzoa ufa huo mpaka unakuwa korongo jembamba, na mto wenye upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu unatumbukia humo. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama ng'ambo ya korongo akayatazama maporomoko uso kwa uso. Kama lingekuwa tabaka laini tu lililoliwa kwa chini, ng'ambo hiyo isingekuwepo.

Tazama pia ramani ya mto chini ya maporomoko. Makorongo yanapinda kushoto na kulia kama mshono wa zigizaga, na yale yanayoukata mto yaliwahi kuwa maporomoko yenyewe. Mto ulimaliza ufa mmoja, ukala mwamba kurudi nyuma kuelekea chanzo chake, ukakuta ufa mwingine. Kazi hiyo inaendelea: upande wa magharibi, kwenye Devil's Cataract, ukingo tayari uko chini kuliko kwingine.

Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa maporomoko fulani yaliundwaje, aulize kwanza mwamba wa pale ukoje na una nyufa gani. Hata Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yana habari yake: mto unadondoka zaidi ya mita 200 kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na tofauti hiyo ya kimo ililetwa kwanza na ardhi iliyoshuka upande wa Ziwa Tanganyika.