Roboti ya upasuaji haipimi ncha ya koleo

"Roboti hurekodi kila kitu, kwa hiyo kazi yetu ni kunakili faili tu." Kauli hii nimeisikia kwa wanafunzi wa uzamili, na hata kwa madaktari wapasuaji, mara nyingi mno, nami siwezi tena kuiacha ipite, kwa sababu ndiyo inayoharibu tafiti zinazotumia rekodi za roboti ya upasuaji kabla hazijaanza.

Ukweli ni kwamba namba inayoonyesha mahali ilipo ncha ya koleo haikupimwa kwenye ncha hiyo. Katika da Vinci, roboti ya upasuaji inayoongozwa na daktari, mota na vihisi vya pembe viko nyuma, nje ya mwili wa mgonjwa, na mwendo hufikishwa kwenye koleo kwa nyaya nyembamba zinazopita ndani ya mrija mrefu wa kifaa. Nyaya hizo hunyumbuka na kusuguana, ilhali kompyuta hukokotoa mahali pa ncha kana kwamba hazinyumbuki kamwe. Tena kosa dogo la pembe kwenye viungo vya shinani hukua hadi kufika nchani. Asiyegusisha ncha kwenye alama zinazojulikana, akalinganisha na picha za kamera kabla ya kila kipindi cha kurekodi, amekusanya makisio, si vipimo.

Ubaya huo huzidi muda wa video na wa vihisi usipooanishwa. Video ya fremu 30 kwa sekunde ikichelewa fremu tatu tu, koleo linalokwenda sentimita 5 kwa sekunde limekwisha kusogea milimita 5, nayo ni tofauti kubwa kwa anayechunguza sindano ilichoma wapi. Ushauri ambao sichoki kuurudia ni huu: weka taa ndogo mbele ya kamera, iwashwe na ishara ileile inayoandikwa kwenye faili ya vihisi, mwanzoni na mwishoni pia, kwa kuwa saa ya kamera na ya roboti huachana polepole. Hata katika JIGSAWS, mkusanyiko wa rekodi za mazoezi ya upasuaji kwa roboti uliotolewa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 2014, wapasuaji 8 wakirudia kazi 3 mara 5 wangetoa rekodi 120. Zilizofaa kutolewa zilikuwa 103.

Wengine hudhani umeme unaotumiwa na mota ni kipimo cha nguvu inayobana tishu. Lakini ndani ya namba hiyo umo pia msuguano wa nyaya na wa mrija wa kupenyezea kifaa mwilini. Vifaa vya da Vinci vyenye kihisi cha nguvu vilikuja na da Vinci 5, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024.

Wala saa nyingi za mpasuaji mmoja hazichukui nafasi ya wapasuaji wengi: modeli ya kompyuta inayofunzwa kwa rekodi hizi ijaribiwe kwa mtu ambaye data yake haikutumika kuifunza.

Kufuta jina la mgonjwa nako hakutoshi. Kamera inapotolewa tumboni ili kioo chake kisafishwe, huweza kunasa nyuso za watu waliomo chumbani. Fremu hizo ziondolewe kabla faili haijatoka hospitalini.