Njia ya kufika ukurugenzi wa kampuni ya maduka: mambo ya kujua kwa vijana wa Lubumbashi

Vijana wanaomaliza masomo ya biashara hapa Lubumbashi wanapoomba kazi katika maduka makubwa ya mji, wengi huomba kazi ya biro. Barua zao hukaa bila kujibiwa. Watu wa kukaa biro hawakosekani. Anayetafutwa ni yule anayeweza kusimama mbele ya rafu ya sabuni ya unga na kueleza katoni moja iligharimu kiasi gani hadi kufika pale, inachukua siku ngapi kuuzwa, na itaisha lini. Ukurugenzi wa rejareja hujengwa juu ya ujuzi huo, na hauna njia ya mkato.

Ngazi zenyewe hazibadiliki sana toka kampuni moja hadi nyingine. Mtu huanza depo, kwenye rafu au kwenye kasha la malipo. Akifaa, hupewa rayon (sehemu moja ya duka) aisimamie, kisha huwa msaidizi wa mkuu wa duka, kisha mkuu wa duka. Hapo njia hugawanyika: wengine huingia upande wa ununuzi, wengine hupewa maduka kadhaa. Juu kabisa kuna wakurugenzi wa biashara na wa fedha, na mkurugenzi mkuu.

Hiyo ndiyo njia ya mlango wa depo, lakini wapo wanaopitia mlango wa pili, wa hesabu. Mifano ya milango yote miwili ipo. Doug McMillon, aliyekabidhiwa uongozi wa Walmart ya Marekani mwaka 2014, alianza mwaka 1984 akiwa kijana anayepakua malori katika depo ya kampuni hiyo. Whitey Basson wa Shoprite, Afrika Kusini, kwa upande wake alikuwa mhasibu. Alishika kampuni ikiwa na maduka manane mwaka 1979 na kuiongoza hadi mwisho wa 2016. Kwa Lubumbashi, tunaona mlango wa depo ndio ulio wazi zaidi. Kampuni nyingi za hapa ni mali ya familia, na familia hupenda kushika fedha yenyewe. Mtu wa nje huaminiwa mizigo kwanza, pesa baadaye.

Kwa hiyo tuanze na mizigo. Anayepokea lori hulinganisha karatasi tatu: oda iliyotumwa, hati ya usafirishaji na ankara. Zisipolingana, tofauti huandikwa kwenye hati kabla dereva hajaondoka, naye atie saini. Hesabu kwa safu haitoshi, kwa sababu katoni za katikati ya paleti zinaweza kuwa tupu au pungufu. Fungua chache bila mpangilio, pima magunia machache kwenye mizani, soma tarehe za mwisho wa matumizi. Maziwa yaliyobakiza wiki sita hayapokelewi ikiwa kwa kawaida huchukua miezi mitatu kuisha rafuni, hata msambazaji akipunguza bei kiasi gani. Na anayeagiza asiwe yeye anayepokea, wala anayepokea asiwe yeye anayelipa. Wizi mkubwa wa madukani hupita pale kazi hizi tatu zinapoachwa mikononi mwa mtu mmoja, tena mara nyingi ni yule ambaye patron, mwenye mali, humwita mwanangu.

Baada ya mizigo inakuja bei, na hapa ndipo wengi wenye diploma huanguka. Tuseme katoni ya sabuni imenunuliwa dola 20, na usafiri, ushuru na gharama za mpakani ni dola 4. Imefika dukani kwa dola 24. Mwenye mali anataka faida ghafi ya asilimia 25 ya mauzo. Kijana anachukua 24, anaongeza asilimia 25, anapata 30. Amekosea. Faida ya 6 juu ya mauzo ya 30 ni asilimia 20 tu. Hesabu sahihi ni 24 kugawa kwa 0.75, yaani dola 32. Kwa katoni 500 kwa mwezi, kosa hilo linagharimu dola 1,000, na hakuna aliyeiba. Juu ya 32 huongezwa TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, yaani dola 5.12. Pesa hiyo ni ya serikali na inapita tu kwenye kasha. Anayeitumia kulipia shehena mpya atakuja kuikosa siku ya kutoa tamko la kodi.

Halafu kuna faranga ya Kongo. Gunia limenunuliwa dola 30, linauzwa faranga 98,000. Dola ikiwa faranga 2,800, hizo ni dola 35, faida 5. Pesa ikikaa kwenye kasha hadi dola ifike 3,000, zinabaki dola 32.67, na karibu nusu ya faida imeyeyuka bila mteja kuguswa. Faranga ikipanda thamani ghafla, mambo hugeuka: jirani anayenunua leo atauza kwa bei ya chini kuliko stoki yako ya mwezi uliopita. Mkuu wa duka mzuri hafanyi utabiri. Anabadilisha faranga kila siku kwa kiasi cha bidhaa zitakazohitaji kurudishwa kwa dola, anabakiza za mishahara na kodi, na anapitia bei za rafu kila wiki.

Muda wa kuagiza nao una hesabu yake. Duka likiuza magunia 6 ya sukari kwa siku, oda ikichukua siku 21, na ukitaka akiba ya siku 7, oda mpya hutolewa stoki inapofika 6 mara 28, yaani magunia 168. Kwa mizigo inayopita Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, usitumie wastani wa siku za safari. Chukua safari ndefu kuliko zote za miezi ya karibuni, maana foleni ya malori haijui wastani. Ila usijaze depo kwa hofu. Stoki iliyokaa ni pesa iliyolala, na panya na unyevu hawalali.

Pesa ya wasambazaji ndiyo iliyoangusha kampuni kubwa kuliko zetu. Nakumatt ya Kenya ilifungua matawi haraka kwa mikopo. Ilipochelewa kulipa, wasambazaji waliacha kuleta, rafu zikabaki tupu, wateja wakahama. Mwaka 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Duka huuza taslimu leo na kulipa baada ya siku 30 au 60, kwa hiyo daima linashika pesa za watu wengine. Kiongozi asiyetofautisha pesa hizo na faida ataona akaunti imejaa na kufungua tawi.

Upotevu pia unafaa kuhesabiwa kwa namna inayouma. Kampuni inayobakiwa na faida halisi ya asilimia 3 ikipoteza bidhaa iliyogharimu dola 3, inabidi iuze ya dola 100 ili kurudisha. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, friza za nyama hubaki zimefungwa hadi jenereta iwake, joto huandikwa kwenye daftari, na nyama iliyoyeyuka kabisa haigandishwi tena kwa ajili ya kuuzwa.

Darasa lina nafasi yake. Masomo ya biashara ya ISC (taasisi ya juu ya biashara), ya uchumi UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au mafunzo mafupi ya INPP (taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi) humsaidia mtu kusoma mizania ya SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu wa OHADA, na bila hiyo atabaki mkuu wa duka. Sheria za OHADA, yaani sheria za biashara zinazotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, zinatumika Kongo (DRC) tangu 2012. Chini yake, gérant (msimamizi) wa SARL, kampuni yenye dhima ndogo, au mkurugenzi mkuu wa SA, kampuni ya hisa, anaweza kushtakiwa yeye binafsi kwa makosa ya uongozi, na kutumia mali ya kampuni kwa faida yake ni jinai. Kifaransa ni cha mikataba, Kiswahili cha rafuni, na Kiingereza kitahitajika siku ya kuzungumza bei na muuzaji wa Ndola au Johannesburg.

Ukipewa duka la kwanza, usipokee funguo siku hiyo hiyo. Soma mkataba: kwa sheria ya kazi ya 2002, majaribio hayazidi miezi sita kwa mfanyakazi mwenye ujuzi. Omba hesabu kamili ya stoki, rafu kwa rafu, duka likiwa limefungwa, pamoja na orodha ya madeni ya wasambazaji na bidhaa zinazokaribia kuharibika. Mtangulizi wako, wewe na mwakilishi wa mwenye mali mtie saini kila ukurasa. Uliza pia nani ana haki ya kubadilisha bei, na bidhaa ambazo familia ya patron huchukua rafuni kila Jumamosi zinaandikwa wapi. Kama jibu la swali hilo la mwisho ni kicheko, dai daftari la kuziandika kabla ya kusaini.