Hesabu ya Saa kwa Mtumishi Anayerudi Chuoni

Kila mwaka dirisha la udahili linapofunguliwa, hunijia watu wa rika langu, wengi wao watumishi wa umma waliohamia Dodoma tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamisha wizara zake. Huja na stashahada zao ndani ya bahasha na swali moja: je, kichwa changu bado kinaweza? Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi watu wazima, na mimi mwenyewe niliingia mwaka wa kwanza wa shahada nikiwa na miaka 43 na watoto watatu, kwa hiyo huwajibu bila kusita kwamba kichwa kinaweza. Ninachotaka kujua kwanza ni wapi watazipata saa za kusoma.

Vyuo vyetu hupima masomo kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo za kuhudhuria vipindi, kusoma peke yake, kuandika kazi na kufanya mitihani. Mwaka mmoja wa shahada una krediti 120, yaani saa 1,200. Ukizigawa kwa mihula miwili yenye wiki 34 kwa jumla, unapata saa 35 na ushee kila wiki, karibu sawa na wiki nzima ya ofisini. Mtu anayeshinda kazini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kisha akapanda daladala kurudi Nkuhungu kwenye familia inayomsubiri, hana saa hizo, na hata akijinyima usingizi hatazipata kwa miaka mitatu mfululizo. Lakini shahada hiyohiyo ikitandazwa kwa miaka sita, inabaki saa 600 kwa mwaka. Akisoma wiki 50, hizo ni saa 12 kwa wiki: saa mbili kila usiku kwa siku sita, na siku ya saba ya ibada na mapumziko.

Ndiyo maana mimi huwaelekeza wengi kwanza Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kufundisha kwa masafa, nacho kina kituo hapa Dodoma. Huko mwanafunzi anaweza kuchukua masomo machache kwa wakati mmoja. Anayetaka kusoma kwa kuhudhuria darasani mchana, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dodoma, ajiandae kuomba ruhusa ya masomo kazini, kwa maana kozi ya kutwa haiendi sambamba na kazi ya kutwa.

Miezi nayo hailingani. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30 Juni, na Bunge la bajeti hukaa hapa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, majira ambayo muhula wa pili unaelekea kwenye mitihani. Mwaka wangu wa kwanza sikuliona hilo. Nilijisajili masomo yote, ofisi ikanihitaji hadi usiku kwa majedwali ya makadirio, nikafeli masomo mawili na kurudia mitihani. Tangu hapo humshauri mtumishi wa wizara achukue masomo mazito katika muhula wa kwanza. Walimu wa wilaya za Kongwa na Bahi wanaolima mtama na alizeti, mimi huwaambia kinyume chake, kwa kuwa mvua zetu huanza Desemba na palizi haimsubiri mtu.

Kuhusu kumbukumbu, ni kweli kwamba kukariri kwa haraka hupungua umri unavyosonga. Hata hivyo, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa huhifadhi somo kuliko marudio yaliyorundikwa siku moja, na saa mbili za kila usiku zinakutawanyia bila wewe kupanga lolote. Funga kitabu, andika unachokikumbuka, kisha fungua usahihishe. Aidha, aliyesimamia stoo ya dawa kwa miaka 15 akikutana na somo la ugavi, nusu ya maelezo anayajua kwa mikono yake. Kijana aliyetoka kidato cha sita hana hazina hiyo.

Jambo la mwisho ninalolisisitiza ni barua kwa mwajiri, iandikwe kabla ya kulipa ada. Uliza kama kozi hiyo imo katika mpango wa mafunzo wa ofisi, na kama inatambuliwa na muundo wa utumishi wa kada unayotaka kuhamia, kisha hakikisha jibu linakaa kwenye jalada lako. Dada mmoja niliyemshauri alisoma kwa miaka sita, akafaulu vizuri, na siku alipopeleka cheti aliambiwa kwamba ofisi haikuwa na kumbukumbu yoyote kuwa alikuwa masomoni. Bado analipwa mshahara wa cheo chake cha zamani, na kila tunapoonana huniuliza kama kuna mlango mwingine wa kugonga.